Chuo cha Jimbo Jingine: Hesabu ya Miaka Minne

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wanaomaliza sekondari, Brooklyn Park, Minnesota, Aprili 2026

Shikamooni wazee wangu. Kaka zangu, dada zangu, hamjambo. Na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana mazungumzo ya leo yanawahusu kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Zimebaki wiki chache kufika tarehe 1 Mei, siku ambayo vyuo vingi vya Marekani vinataka jibu pamoja na malipo ya kushikilia nafasi. Najua zipo nyumba kadhaa katika ukumbi huu zenye barua mezani kutoka chuo kikuu cha umma cha jimbo jingine. Barua ni nzuri, ina nembo ya chuo, ina jina la mtoto, inasema hongera. Nayo hongera ni ya haki, mtoto ameitolea jasho. Lakini nyuma ya barua hiyo kuna karatasi ya pili, ile ya fedha, na hiyo ndiyo nimekuja tuisome pamoja.

Neno langu ni moja, na nalisema mapema ili hata mwenye kuwahi zamu ya jioni aondoke nalo. Usitie saini kwa sababu umeipata hela ya mwaka wa kwanza. Tia saini ukiwa umeshaona hela ya mwaka wa nne itatoka wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu jina hili la chuo cha umma, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, na wala si kosa letu. Tumekulia katika nchi ambako chuo kikuu cha serikali ni cha watu wote wa nchi. Mtoto wa Lodwar akipata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi, hakuna anayemwambia wewe ni wa Turkana, kwa hiyo lipa mara tatu. Mtoto wa Kigoma anakaa darasa moja na mtoto wa Temeke pale Mlimani, Dar es Salaam, na kaunti au mkoa wa mtu haubadilishi ada. Kwa hiyo masikio yetu yakisikia chuo cha umma, moyo unatulia, tunaona tumeshapata nafuu.

Hapa chuo kikuu cha umma ni mali ya jimbo. Kodi za wakazi wa jimbo ndizo zimekijenga na ndizo zinazosaidia kukiendesha, na jimbo huwapunguzia karo watoto wa wakazi wake. Anayetoka nje hana punguzo hilo. Chuo Kikuu cha Michigan kule Ann Arbor, karo ya mwaka wa kwanza kwa mtoto wa Michigan ni kama dola 18,000. Kwa mtoto wetu wa Minnesota imevuka 60,000, na hapo bado hajala, hajalala, hajapanda ndege kurudi nyumbani Krismasi. Chuo Kikuu cha California, chenye Berkeley, Los Angeles, San Diego na kampasi nyingine, humtoza mtoto wa nje nyongeza juu ya karo ya kawaida, na kwa walioanza mwaka wa masomo 2025–26 nyongeza hiyo peke yake ni dola 37,602. Hiyo ni nyongeza tu.

Wapo wanaosema, basi tumpeleke mtoto alipe bei ya nje mwaka mmoja, akishakaa miezi kumi na miwili atahesabiwa mkazi. Naomba niliseme hili taratibu kwa sababu nimeona linavyozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Kukaa bwenini mwaka mzima hakumfanyi mtoto kuwa mkazi. Katika majimbo mengi, mwanafunzi ambaye bado anategemea wazazi huhesabiwa mkazi wa pale wazazi wanapoishi, na mtu aliyehamia jimboni kwa ajili ya masomo tu hahesabiki amehamia. Sheria hii ina mizizi hapahapa kwetu. Wanafunzi waliwahi kuipinga mahakamani kanuni ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliyomtaka mgeni akae mwaka mmoja kwanza. Mwaka 1970 mahakama ya shirikisho ikasema kanuni ni halali, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiunga mkono. Miaka miwili baadaye, katika kesi iliyotoka Connecticut, Mahakama hiyohiyo ilisema jimbo haliwezi kumfungia mtu jina la mgeni moja kwa moja bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amekuwa mkazi. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, na chuo kitataka ritani za kodi za wazazi, mkataba wa nyumba, leseni ya udereva. Ile habari ya kutumia anwani ya shangazi aliyeko Texas tuiache. Ni kutoa taarifa ya uongo kwa chombo cha serikali, na kwa watu ambao wengi wetu bado tuna mafaili uhamiaji, hatuna sababu ya kujitafutia balaa kwa ajili ya karo.

Swali linalofuata huwa ni hili: ikiwa wanajua ni ghali hivyo, mbona wamemwandikia mwanangu barua tamu na brosha za rangi tangu akiwa darasa la kumi na moja? Jibu ni kwamba wanamhitaji. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 majimbo mengi yalipunguza fedha kwa vyuo vyao, na vyuo vikageukia wanafunzi wa nje wanaolipa bei kubwa. Chuo Kikuu cha Alabama leo kina wanafunzi wengi wa nje ya jimbo kuliko wa ndani. Silaumu chuo kwa kutafuta riziki. Nataka tu mzazi ajue kwamba brosha haikutumwa kwa sababu pochi yake imepimwa ikaonekana inatosha.

Sasa tuingie kwenye msaada wa fedha wenyewe. Uko wa namna tatu: wa serikali ya shirikisho, wa jimbo, na wa chuo chenyewe. Ule wa shirikisho unasafiri na mtoto popote aendako, na mlango wake ni fomu ya FAFSA. Raia anaijaza, mwenye kadi ya kijani anaijaza, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaijaza. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake na kuweka sehemu yake, kwa hiyo hilo lisimnyime mtoto haki. Kupitia FAFSA familia ya kipato cha chini hupata ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Hela nzuri, hairudishwi. Lakini iweke kando ya bei ya 60,000 uone inavyomezwa.

Msaada wa jimbo haupandi basi. Ruzuku ya jimbo la Minnesota ni kwa anayesoma Minnesota. Na mpango wa North Star Promise, ulioanza msimu wa vuli wa 2024, unamalizia karo na ada za lazima kwa mkazi wa Minnesota ambaye kipato cha familia yake kilichorekebishwa kwenye ritani ya kodi hakifiki dola 80,000, mradi asome katika chuo cha umma cha hapahapa au chuo cha makabila ya wenyeji. Mnanisikia? Mtoto wa mama anayefanya kazi nyumba ya wazee, kwa kipato hicho, anaweza kusoma Chuo Kikuu cha Minnesota bila karo. Siku anapovuka mpaka kwenda jimbo jingine, ameuacha mlangoni.

Na msaada wa chuo chenyewe, hapo ndipo maumivu yalipo. Vyuo vingi vya umma vina fedha chache za kusaidia wenye uhitaji, na hizo wanawawekea watoto wao kwanza. Michigan wana mpango mkubwa wa kuwasomesha bila karo watoto wa familia za kipato cha chini na cha kati, lakini ni watoto wa Michigan. Chuo Kikuu cha California hakiwapi wanafunzi wa nje ruzuku zake za mahitaji. Kwa hiyo mzazi anapopiga simu ofisi ya fedha, anaeleza kwa machozi kwamba hela haitoshi, na yule dada wa upande wa pili anajibu kwa upole kwamba hakuna zaidi, aelewe kuwa dada yule hana roho mbaya. Fungu halipo. Lilipangwa hivyo kabla mtoto wako hajazaliwa.

Tazameni ubaoni. Nimeandika barua ya mfano, nimeitunga mwenyewe, chuo hakina jina, ila mtindo wake ni uleule mtakaoukuta nyumbani. Gharama ya mwaka, yaani karo, bweni, chakula, vitabu na nauli: dola 62,000. Chini yake wameandika kwa herufi nene: Msaada Wako. Skolashipu ya alama, 12,000. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi, 5,500. Kazi za chuoni, 2,500. Mkopo wa mzazi, 20,000. Jumla ya msaada, 40,000. Baki, 22,000.

Mzazi anasoma nini? Anasoma kwamba mwanangu amepewa dola 40,000. Anapiga simu kwa kaka yake Eldoret, anamwambia chuo kimetoa theluthi mbili. Mama mdogo anapiga vigelegele. Jamani, hapa aliyepewa kitu amepewa 12,000. Ile 5,500 ni deni la mtoto. Ile 20,000 ni deni la mzazi. Ile 2,500 ni mshahara ambao mtoto bado hajaufanyia kazi, ataupata kidogokidogo akikaa maktaba au jikoni, na kwa kawaida haupunguzwi kwenye bili ya Agosti. Mwaka 2022 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, inayofanya uchunguzi kwa niaba ya Bunge la nchi hii, ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havioneshi bei halisi kwenye barua hizi ama vinaionesha kuwa ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo ukichanganyikiwa, si Kiingereza chako kilichopungua.

Chukua kalamu, toa mkopo, toa kazi, bakiza kile kisichorudishwa. Hapa ni 62,000 toa 12,000. Bei yenu ni 50,000 kwa mwaka. Miaka minne, hata tukijidanganya kwamba karo haitapanda, ni 200,000.

Sasa tuone inalipwaje. Mtoto anayetegemea wazazi anaruhusiwa kukopa serikalini 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne. Jumla 27,000. Mkopo wa mzazi, ule unaoitwa Parent PLUS, zamani ungeweza kufika hadi gharama yote ya chuo. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huu, kwa wakopaji wapya, wazazi hawatakopa zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na kwa masomo yake yote si zaidi ya 65,000. Pigeni hesabu wenyewe. Ishirini mara tatu ni sitini. Mwaka wa nne umebakiwa na 5,000. Anayechukua kiwango chote kila mwaka, ngazi inakatika akiwa juu kabisa, mtoto akiwa amebakiza mwaka mmoja apate shahada.

Toa 27,000, toa 65,000, katika ile laki mbili. Imebaki 108,000 ya kutoka mfukoni. Ukiigawa kwa miezi 48 ni dola 2,250 kila mwezi, juu ya kodi ya nyumba, juu ya gari, juu ya hela ya dawa unayotuma nyumbani. Nani katika ukumbi huu anayo? Kama unayo, Mungu akubariki, mpeleke mtoto kwa amani. Kama huna, tusimame hapo tuangaliane machoni kabla hatujaenda mbali zaidi.

Na ule mkopo wa mzazi msiuone mwepesi kwa sababu unatolewa na serikali. Riba yake kwa mikopo ya mwaka huu wa masomo ni asilimia 8.94, na hukatwa zaidi ya asilimia 4 ya ada kabla hela haijafika chuoni. Mtu akidaiwa 65,000 kwa riba hiyo na kulipa kwa miaka 20, ni kama dola 580 kwa mwezi, na mwisho atakuwa amerudisha karibu 140,000. Mzazi mwenye miaka 48 leo, mtoto akamaliza baada ya minne, deni likaanza kulipwa hapo, atalimaliza akiwa na 72. Tena mikopo mipya ya wazazi baada ya Julai haitaingia kwenye mipango ya kulipa kulingana na kipato. Ukipunguziwa saa kazini, bili inabaki ileile. Wazee walisema dawa ya deni kulipa, nao hawakuacha mlango wa pembeni.

Kuna mambo ya nyumba zetu sisi ambayo mshauri wa shule hawezi kukuambia kwa sababu hayajui. Nitayataja.

Fomu ya FAFSA inaangalia kipato cha miaka miwili nyuma. Anayeingia chuo vuli hii ya 2026 amepimwa kwa ritani ya 2024. Wengi wetu tunafanya kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee, na mnakumbuka mlivyokuwa mkipiga zamu mbili, wikendi, sikukuu, ili mmalize nyumba ya mzee kule nyumbani au mlipe hospitali. Hela ile imeshatumika, lakini kwenye fomu bado ipo, inang'aa kama mshahara wa kila siku. Ikiwa kipato kimeshuka tangu hapo, andika barua kwa ofisi ya fedha ya chuo uombe wapitie upya hali yako, ambatisha hati za malipo za sasa na barua ya mwajiri. Sheria inampa ofisa wa fedha uwezo wa kurekebisha. Kwa chuo cha hapa Minnesota marekebisho hayo yanaweza kufungua ruzuku ya shirikisho na ya jimbo. Kwa chuo cha nje yanaweza kuongeza Pell, kisha mara nyingi yanaishia hapo, kwa sababu niliyoeleza.

Pili, ploti. Fomu inauliza mali zako ukiacha nyumba unayoishi, na ploti ya Kitengela ni mali, nyumba ya kupangisha ya Mbezi ni mali, hata kama kodi yake inakula ndugu. Iandike. Mali za wazazi huhesabiwa kwa sehemu ndogo, haizidi asilimia 6 ya thamani yake, kwa hiyo si jambo la kukuondolea usingizi, ila ukificha likaja kuonekana baadaye unamwingiza mtoto matatani. Kinachouma ni upande wa pili wake. Hela unayomtumia mama Kakamega kila mwezi haihesabiwi popote. Ada ya mtoto wa marehemu kaka yako unayemsomesha Bukoba haihesabiwi. Ndugu asiyeishi chini ya paa lako hapa si wa familia yako machoni pa fomu. Mimi naona si haki, na nimeshawaambia hivyo wawakilishi wetu wa jimbo, lakini ndivyo ilivyo leo, na bajeti ya kweli ya nyumba yako lazima uipige mwenyewe.

Tatu, tangu mwaka wa masomo 2024–25, nafuu ya kuwa na watoto wawili au watatu chuoni kwa wakati mmoja imeondolewa kwenye hesabu ya shirikisho. Sisi tunaozaa wanne wanaofuatana, hili ni letu hasa. Mtoto wa kwanza asile hela ya wadogo zake bila wadogo zake kuwepo kwenye kikao.

Hamkuja hapa niwafunge milango. Kwenda nje ya jimbo kunawezekana kwa anayechagua pa kuomba kwa akili, na kuchagua huko kunafanyika mwaka mmoja kabla, wakati wa kutuma maombi. Wazazi wa darasa la kumi na moja, hapa ni penu.

Sisi wa Minnesota tuna bahati ambayo majirani wengi hawana. Jimbo letu lina makubaliano ya karo na Wisconsin, North Dakota na South Dakota. Mtoto wa Brooklyn Park anaweza kwenda Madison, Fargo au Brookings kwa karo iliyo karibu na ya nyumbani badala ya bei ya mgeni. Kwa Wisconsin na North Dakota ni lazima ujaze maombi ya makubaliano hayo, hayaji yenyewe, na huwa inasikitisha mtu kulipa bei ya nje kwa sababu ya fomu fupi ambayo haikujazwa. Kumbukeni tu kwamba North Star haivuki daraja kwenda Wisconsin, kwa hiyo kwa familia iliyo chini ya 80,000 nyumbani bado ni nafuu zaidi.

Mbele ya hapo kuna mpango wa majimbo ya kati magharibi, ambamo baadhi ya vyuo vya umma vya Kansas, Missouri, Nebraska, Indiana na kwingine humtoza mwanafunzi wa jimbo mwanachama karo isiyozidi asilimia 150 ya ile ya mkazi. Si vyuo vyote wala si kozi zote, kwa hiyo uliza kozi yako kwa jina. Wenye ndugu Arizona, Colorado au Washington waambieni nao huko magharibi wana mpango wao wa namna hiyohiyo, na ni mkubwa.

Vipo vyuo vya umma vichache sana vinavyoahidi kukidhi uhitaji wote wa mwanafunzi hata akitoka nje ya jimbo. Chuo Kikuu cha Virginia ni kimoja, Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill ni kingine. Kuingia ni kazi. Chapel Hill wanaruhusiwa kuchukua asilimia 18 tu ya mwaka wa kwanza kutoka nje. Mtoto mwenye alama za juu kabisa na familia ya kipato kidogo aombe huko bila woga, na ajue kwamba watataka pia fomu ya pili ya fedha, CSS Profile, inayochimba zaidi kuliko FAFSA. Na vipo vyuo, Alabama kikiwemo, vinavyotangaza waziwazi skolashipu za alama kwa watoto wa nje: wastani wako ukiwa huu na mtihani wako huu, unapata kiasi hiki. Uzuri wake ni kwamba unajua kabla hujaomba. Ila soma sharti la kuendelea kuipata. Nyingi zinadai wastani fulani kila mwaka, na mtoto wa uhandisi akiteleza kwenye hisabati mwaka wa kwanza, ile 12,000 inaweza kuyeyuka ilhali bili imebaki palepale.

Chuo cha jamii nacho ni njia ya heshima, na naomba tuache kukiita cha walioshindwa. Miaka miwili North Hennepin, hapahapa Brooklyn Park, kisha miwili chuo kikuu, shahada inayotoka ni ya chuo kikuu. Tahadhari yake ni kupanga masomo na mshauri wa kule unakokwenda tangu muhula wa kwanza, kwa sababu masomo yanayopotea wakati wa kuhama ni hela na miezi.

Sasa niseme la harambee, na naomba wazee wanivumilie. Harambee imetusomesha. Wapo humu waliopandishwa ndege kwa shilingi za kanisa na za soko. Siidharau hata kidogo. Lakini nimehudhuria harambee hapa ambapo watu walitoa kwa moyo, zikapatikana hela za kufunika pengo la mwaka wa kwanza, kijana akaenda. Mwaka wa pili hakuna anayeita harambee nyingine kwa mtoto yuleyule. Bili ya muhula isipolipwa, chuo kinamfungia usajili wa muhula unaofuata, na kijana anarudi nyumbani kimyakimya na deni, na haji tena kwenye mikutano yetu kwa aibu. Kijana huyo hana la kuonea aibu. Sisi wakubwa ndio tulimpigia makofi bila kumuuliza mwaka wa tatu utalipwa na nani. Napendekeza kamati ya jumuiya kuanzia sasa isiitishe mchango wa chuo bila kuona karatasi ya miaka minne. Na pale mchango unapotolewa, ugawanywe: robo kila mwaka, ikae benki kwa jina la jumuiya.

Na mikopo ya benki binafsi. Kijana wa miaka 18 hana rekodi ya mikopo, benki itataka mdhamini. Hapo ndipo mjomba anapigiwa simu usiku, kwa heshima nyingi, aje atie saini. Mjomba, ukitia saini, deni ni lako sawasawa na lake. Likichelewa mwezi mmoja ni rekodi yako inayochafuka, na ile nyumba uliyokuwa unajipanga kununua Maple Grove inasogea mbali. Ukikataa kwa upole, unaonesha kwamba umesoma unachoombwa kutia saini, na hakuna anayepaswa kukununia.

Vijana. Najua wapo hapa ambao chuo kile cha mbali wamekiota tangu darasa la nane, wana fulana yake. Siwaambii ndoto ni mbaya. Nawaomba muwaulize wazazi wenu, usiku huu, swali ambalo katika mila zetu mtoto haulizi: mnaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka bila kukopa? Na wazazi, mjibu kwa namba. Msiseme Mungu atafungua njia halafu mkaingia chumbani kulia. Mtoto wa miaka 17 anayejua kwamba nyumba ina uwezo wa dola 6,000 kwa mwaka atachagua vizuri kuliko anayeambiwa asijali.

Wenye barua, kesho asubuhi piga simu ofisi ya fedha ya chuo, mtoto awe kwenye laini kwa sababu wataongea na yeye kwanza. Uliza skolashipu hii ni ya mwaka mmoja au minne, na sharti lake ni nini. Uliza karo imepanda kwa kiasi gani kila mwaka katika miaka mitatu iliyopita. Uliza wanafunzi wa kozi yake humaliza kwa miaka minne au mitano, maana mwaka wa tano nao una bili yake. Andika majibu, tarehe, na jina la uliyezungumza naye, kisha omba wakutumie kwa barua pepe.

Meza tatu ziko upande wa kulia, na kila moja ina mtu anayejua kusoma barua hizi, mmoja wao anaongea Kinyarwanda na Kirundi. Mkae faragha, hakuna atakayesikia kipato chenu. Leteni barua ya fedha, ritani ya 2024 na hati za malipo za mwezi uliopita. Walio na majibu ya vyuo viwili au vitatu waanze, kwa sababu Mei iko karibu.